Biogesi Ianzie Penye Lundo

Jani la mkonge linapopitishwa katika korona, yaani mashine ya kukwangulia majani, kitu kitokacho upande wa pili na kuthaminiwa ni nyuzi tu. Nyuzi hizo ni kama asilimia 4 ya uzito wa jani bichi. Sehemu iliyosalia, ambayo ni nyama ya jani, utomvu wake na vipande vya nyuzi fupi, husombwa na maji kupitia mfereji na kutupwa bondeni, na huko huachwa ioze. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Ili kupata tani 1 ya nyuzi yahitajika majani tani 25, na katika hizo tani 24 ni taka. Mwaka 1964, uzalishaji wa mkonge ulipofikia kilele chake Tanzania Bara, nyuzi zilizopatikana zilikuwa kama tani 230,000. Taka za mwaka huo peke yake, basi, zilizidi tani milioni 5.

Tangu miche 62 iliyosalimika katika safari ndefu ya baharini ilipopandwa katika mwambao wa Tanga mwaka 1893, kwa juhudi za Dk. Richard Hindorf, zao hili limehesabiwa kuwa zao la kamba na magunia. Ukweli ni kwamba ni zao la nishati pia. Taifa linalotafuta mahali pa kuanzia kugeuza taka kuwa nishati ya kuendeshea injini na ya kupikia lingefanya vizuri kuanzia hapo, mashambani mwa mkonge, kisha penye machinjio, masoko na shule za bweni, badala ya kwenda nyumba kwa nyumba kama ilivyozoeleka.

Chanzo cha nishati hiyo ni kuoza. Lakini kuoza kuna namna mbili. Mahali penye hewa ya kutosha, kama katika biwi la mboji linalopinduliwa mara kwa mara, vijidudu hutumia oksijeni, na mwisho wa kazi yao ni joto, maji na kaboni dayoksaidi. Mahali pasipo na oksijeni, kama chini ya kinamasi, katika tumbo la ng'ombe, au katika kitovu cha lundo la makapi lililolowa maji, kazi hushikwa na vijidudu vya aina nyingine, na mwisho wake ni gesi iwakayo. Mtaliana Alessandro Volta aliikusanya gesi hiyo mwaka 1776 kwa kuchokoa tope la kando ya Ziwa Maggiore na kunasa mapovu yaliyopanda juu. Ndiyo inayoitwa leo methani, na molekuli yake ina atomu 1 ya kaboni na atomu 4 za haidrojeni.

Kazi ya vijidudu hivyo hufanana na mbio za kupokezana vijiti. Kundi la kwanza hutoa vimeng'enya vinavyokata wanga, selulosi, mafuta na protini kuwa sukari, asidi za mafuta na asidi za amino. Kundi la pili huzichachusha hizo kuwa asidi nyepesi, alkoholi, haidrojeni na kaboni dayoksaidi. La tatu hugeuza asidi hizo kuwa asidi asetiki, ileile iliyomo katika siki. Kundi la nne, ambalo wanabiolojia hawaliweki tena pamoja na bakteria bali katika himaya ya pekee ya arkea, huivunja asidi asetiki, au huunganisha haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na kutoa methani. Mkimbiaji huyu wa mwisho ndiye dhaifu kuliko wote. Huzaana polepole, hudhurika akiguswa na oksijeni, na hupenda mazingira yasiyoelemea sana upande wa asidi wala wa besi, yenye pH ya 6.8 hadi 7.5. Mtambo ukilishwa kupita kiasi, makundi ya mbele hutengeneza asidi haraka kuliko kundi la mwisho linavyoweza kuitumia. pH hushuka, na gesi hukatika. Mtambo wa namna hiyo umevimbiwa, na kwa kweli hakuna neno la maabara linaloeleza hali yake vizuri zaidi.

Kinachopatikana ni biogesi: methani asilimia 50 hadi 70, kaboni dayoksaidi karibu yote iliyosalia, mvuke wa maji, na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Mita 1 ya ujazo ya methani tupu ina nishati ya kama megajuli 36, karibu sawa na lita 1 ya dizeli. Mita 1 ya ujazo ya biogesi yenye methani asilimia 60, kwa hiyo, yalingana na kama lita 0.6 za dizeli. Tarakimu hizi mbili zafaa kukaririwa, kwa sababu ahadi nyingi zinazotolewa juu ya biogesi hupimika kwazo.

Tanzania si ngeni katika jambo hili. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, nchi zisizo na visima zilianza kutafuta njia nyingine, na mwaka 1975 Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianza kujenga mitambo ya mfano wa Kihindi: shimo la matofali, na juu yake pipa la chuma linaloelea, likipanda gesi inapojaa na kushuka inapotumika. Mtambo ule ulikuwa rahisi kueleweka. Hata mtoto angeweza kulitazama pipa na kujua akiba iliyosalia. Lakini chuma kilikuwa ghali, na haidrojeni salfaidi ikishirikiana na unyevu ilikila. Huko Arusha, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kikishirikiana na wataalamu wa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1983, kiliachana na pipa na kushika kuba la matofali lililofukiwa ardhini, wazo lililokwisha kuenea Uchina. Kuba halina chuma cha kuliwa na kutu, ingawa ladai fundi mwashi hodari, maana ufa mwembamba kama unywele watosha kuimaliza gesi yote. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa Taifa wa biogesi ya majumbani, na makuba yakajengwa kwa maelfu.

Mafanikio hayo ni ya kweli na hayafai kubezwa. Hata hivyo yamezaa fikra moja yenye kupotosha, nayo ni kwamba kwa kuwa nchi ina mamilioni ya ng'ombe, basi ina mamilioni ya majiko ya gesi yanayosubiri kujengwa. Kilo 1 ya samadi mbichi hutoa kama lita 35 za gesi. Familia inayopika milo yake yote kwa gesi yahitaji mita 1 ya ujazo kwa siku au zaidi kidogo, yaani samadi ya kama kilo 30, ambayo ni ya ng'ombe 2 au 3 wanaoshinda na kulala zizini. Ng'ombe anayechungwa Shinyanga au Simanjiro huiacha sehemu kubwa ya samadi yake malishoni, na hakuna wizara itakayoiokota. Tena samadi haiingii mtamboni peke yake. Huchanganywa na maji kwa kiasi kilicho sawa, kwa hiyo kilo 30 za samadi hudai lita 30 za maji, kila siku, masika na kiangazi.

Ndoo moja na nusu ya maji ni kitu gani? Kwa mtu mwenye bomba uani si kitu. Kwa mama anayetembea saa nzima kwenda kisimani ni mzigo mwingine kichwani, juu ya maji ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia. Amepunguziwa kuni akaongezewa maji. Taarifa za miradi hupenda kuandika saa ambazo akina mama wameokoa kwa kutokwenda kutafuta kuni; saa za kuteka maji ya kulishia mtambo hazipewi safu yao katika jedwali. Mtambo ulionyamaza waweza kuwa mzima kabisa kwa ufundi, kuba halina ufa na bomba halikuziba. Ila mtu aliyekuwa akiulisha amechoka, na hakuna kipimo cha maabara kinachopima uchovu huo.

Kwa mkulima wa Rungwe, Moshi au Bukoba mwenye ng'ombe wa maziwa zizini na maji karibu, kuba la nyumbani ni uamuzi mzuri, na tope litokalo baada ya kuchachuka ni mbolea bora kwa migomba yake, kwa kuwa naitrojeni haipotei pamoja na gesi. Kosa ni kumfanya yeye kuwa mfano wa nchi nzima.

Kinachotakiwa ni kutafuta mahali ambapo taka zimekwisha kukusanywa kwa sababu nyingine, na maji yapo kwa sababu nyingine. Nishati iliyotawanyika hugharimu nishati kuikusanya. Katika shamba la mkonge majani yamekwisha kukatwa, kufungwa, kubebwa na kukwanguliwa kwa ajili ya nyuzi. Makapi hutoka katika mfereji mmoja, yakiwa yamelowa tayari. Hakuna mama aliyeongezewa ndoo.

Jambo lenyewe limekwisha kujaribiwa. Hale, wilayani Korogwe, Kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuchachusha makapi ya mkonge kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda na la Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, pamoja na Serikali, ukazinduliwa mwaka 2008. Jenereta yake ya kwanza ilikuwa ya kilowati 150. Kwa kipimo cha gridi ya Taifa hicho ni kiasi kidogo mno. Thamani ya Hale haikuwa katika kilowati zile. Ilikuwa katika kuthibitisha kwamba mfereji wa taka waweza kuingia katika tangi ukatoka kama umeme.

Isidhaniwe kwamba makapi ya mkonge huchachuka kirahisi kama samadi. Samadi imepita katika tumbo la ng'ombe, na imetoka na vijidudu vyake. Makapi ya mkonge yana asidi, yana upungufu wa naitrojeni, na yale masazo ya nyuzi huelea, hujisokota, na kuziba pampu. Ni hapa ambapo utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wastahili kujulikana zaidi na wanafunzi wa sekondari kuliko unavyojulikana. Anthony Mshandete, Amelia Kivaisi na wenzao, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya kuchachusha makapi ya mkonge pamoja na taka za samaki. Makapi peke yake yalitoa methani mita za ujazo 0.32 kwa kila kilo ya vitu viozavyo. Taka za samaki peke yake zilitoa 0.39. Mchanganyiko wa makapi asilimia 67 na samaki asilimia 33 ulitoa 0.62.

Mwalimu wa kemia na awaulize wanafunzi wake: imekuwaje mchanganyiko ukazidi vyote viwili? Mtu akichanganya vitu viwili hutarajia matokeo ya katikati. Jibu liko katika uwiano wa kaboni na naitrojeni. Vijidudu hutaka kaboni sehemu 20 hadi 30 kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Mkonge una kaboni tele na naitrojeni haba, kwa hiyo vijidudu hufa njaa ya protini katikati ya shibe ya wanga. Samaki ana naitrojeni tele, nayo ikizidi hugeuka amonia inayowadhuru walewale. Kila kimoja chaponya ugonjwa wa mwenzake. Ni kanuni ileile ya ugali na maharage. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2006 wataalamu haohao walionyesha kwamba nyuzi taka za mkonge zikikatwa hadi milimita 2, methani huongezeka kwa karibu robo, kwa kuwa vijidudu hupata uso mpana zaidi wa kushambulia.

Haifuati kwamba malori ya matumbo ya samaki yaanze kupanda kutoka pwani hadi Korogwe. Dizeli ya kuyasafirisha lazima iandikwe katika hesabu, na majirani wa barabara nao waulizwe. Mbolea ya kuku na damu ya machinjio zina naitrojeni vilevile, na hupatikana karibu zaidi.

Ni kiasi gani cha mafuta kilichomo bondeni mwa makapi? Ichukuliwe, kwa mfano wa darasani tu, kwamba tani 1 ya makapi yaliyolowa ina kilo 100 za vitu vikavu viwezavyo kuoza. Kwa kipimo cha maabara cha 0.32, hizo hutoa methani mita za ujazo 32. Mtambo wa shambani hauna uangalifu wa maabara. Ikatwe nusu, zibaki 16. Kwa tani 24 za taka, yaani kwa kila tani 1 ya nyuzi, ni mita za ujazo 384. Hata robo yake ikipotea pamoja na maji ya kuoshea, zinabaki 288, ambazo ni kama lita 288 za dizeli. Trekta zinazobeba majani kutoka shambani hadi koronani hunywa dizeli iliyotoka ng'ambo ya bahari, ilhali lita hizo zinapanda hewani kutoka mferejini.

Zinapanda hewani, tena kwa madhara. Methani ikipimwa kwa muda wa miaka 100 huzuia joto la dunia lisitoke kwa nguvu kama mara 28 ya kaboni dayoksaidi yenye uzito sawa. Lundo lililoachwa lioze bila oksijeni halikukaa bure. Linafanya kazi dhidi ya mkulima anayelalamikia mvua. Kwa sababu hiyohiyo, mtambo unaovuja ni hasara juu ya hasara, na msimamizi asiyetembea na povu la sabuni kupima viungo vya mabomba yake hafai kukabidhiwa mtambo.

Je, gesi hiyo yaweza kuendesha gari? Yaweza, lakini si kirahisi kama wasemavyo wenye shauku. Tangi la lori lenye lita 60 za dizeli lina nishati sawa na mita za ujazo 100 za biogesi ghafi, na hizo hujaza chumba cha darasa chenye mita 6 kwa 6 na dari la karibu mita 3. Hakuna lori litakalokokota darasa. Yapasa kwanza kaboni dayoksaidi iondolewe, kwa kuwa inachukua nafasi bila kuwaka. Njia iliyozoeleka ni kuipitisha biogesi katika maji kwa kanieneo kubwa: kaboni dayoksaidi huyeyuka katika maji kwa wepesi, methani karibu haiyeyuki. Kila aliyewahi kufungua chupa ya soda ameiona nusu ya pili ya jaribio hilo. Haidrojeni salfaidi hunaswa kwa kuipitisha gesi katika kutu ya chuma, na hivyo kutu iliyowatesa mafundi wa mwaka 1975 huwa dawa. Kisha methani hushindiliwa katika silinda hadi kanieneo ya kama baa 200.

Mji wa Linköping nchini Sweden umefanya hivyo tangu miaka ya 1990. Taka za machinjio na nyinginezo huchachushwa, gesi husafishwa, na mabasi ya mji huendeshwa kwayo. Mwaka 2005 treni ya abiria ya biogesi ilianza safari kati ya Linköping na Västervik. Nchi ile ni ya baridi, na matangi yake hayana budi kupashwa moto ili vijidudu vifanye kazi. Tanga haina shida hiyo: vijidudu vya kawaida hufurahia nyuzi 35 za sentigredi, na hali ya hewa ya mwambao huwafikisha karibu na hapo bila malipo.

Tanzania ina jambo jingine lenye kurahisisha. Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikitumika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na magari na bajaji zenye silinda za gesi zinaonekana barabarani. Gesi ile ni methani. Kwa silinda na kwa injini, methani ya mkonge na methani ya Songo Songo hazina tofauti yoyote; fundi aliyejifunza moja amejifunza zote mbili. Wako watakaouliza, basi, kwa nini kuhangaika na makapi ilhali gesi iko chini ya bahari. Bomba la gesi asilia halifiki Korogwe. Zaidi ya hayo, kaboni ya Songo Songo ilikuwa imezikwa kwa mamilioni ya miaka, na ya mkonge ilikuwa hewani jana.

Hata hivyo mashine za kusafisha na kushindilia ni ghali, na hulipa tu penye gesi nyingi mfululizo. Kwa sababu hiyo shamba la mkonge lingefaa kuanza na injini iliyosimama mahali pamoja. Injini ya dizeli yaweza kupokea biogesi ghafi iliyoondolewa haidrojeni salfaidi, ikivutwa pamoja na hewa. Kwa kuwa haina plagi ya kutoa cheche, dizeli kidogo, kama sehemu moja ya tano, huendelea kuingizwa ili kuwasha moto. Injini hiyo huzungusha korona au jenereta. Kama theluthi moja tu ya nishati huwa kazi. Sehemu kubwa ya iliyosalia ni joto katika maji ya rejeta na katika moshi, na mashamba mengi yanalo la kufanya na joto hilo, maana nyuzi hukawia kukauka masika. Trekta na malori yafuate baadaye, gesi ikizidi. Kuhusu spiriti ya molasi, ambayo Kenya iliichanganya na petroli katika miaka ya 1980, itoshe kusema kwamba ni habari nyingine yenye uchumi wake.

Sasa jiko. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Lundo la karibu kabisa na wasomaji wa kurasa hizi liko nyuma ya mabweni yao. Shule ya bweni hukusanya watu mahali pamoja, huwapikia katika jiko moja, na vyoo vyake hutumia maji. Mtu mmoja kwa siku huacha chooni kitu kinachoweza kutoa gesi lita 20 hadi 30. Wanafunzi 600, kwa lita 25 kila mmoja, ni mita za ujazo 15. Gesi hiyo ikiunguzwa katika jiko lake hufanya kazi ya kama kilo 90 za kuni katika mafiga matatu. Haitatosha kwa ugali na maharage ya watu 600. Asitokee mtu akaahidi vinginevyo. Lakini hata ikitimiza uji wa asubuhi na chai ya walimu, ni mti usiokatwa, tena shimo la choo lisilofurika.

Rwanda ilifanya hivyo magerezani. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ilijenga mtambo wake wa kwanza wa magereza Cyangugu mwaka 2001, kisha mingineyo, kwa makuba ya mita za ujazo 50 hadi 100 yaliyounganishwa, na matumizi ya kuni za kupikia yakapungua kwa takriban nusu. Wafungwa walifundishwa ujenzi wakaufanya wenyewe.

Kizuizi kikubwa zaidi shuleni huenda kisiwe fedha. Ni kinyaa. Wazazi watauliza iwapo watoto wao walishwe chakula kilichopikwa kwa choo, na swali lao ni la haki, tena kwa wengine lina uzito wa dini. Lisijibiwe kwa dharau. Methani ni molekuli ileile itoke wapi. Haina harufu wala rangi, na vijidudu vya maradhi havisafiri ndani yake. Harufu ni ya haidrojeni salfaidi, nayo huungua motoni. Hatari halisi iko upande wa pili, katika tope. Tope la choo likitoka mtamboni bado laweza kuwa na mayai ya minyoo, kwa hiyo lipelekwe katika miti na migomba, si katika mchicha. Mtu akijibiwa hivyo, kwa kuambiwa lililo salama na lisilo salama, hana sababu ya kudhani amedanganywa. Uamuzi wa mwisho ubaki kwa wazazi na bodi ya shule.

Wakati mabaraza yakijadili, maabara ya shule yaweza kuanza kesho. Yahitajika madumu mawili ya lita 20, mipira ya kupitishia gesi, na mipira miwili ya ndani ya gurudumu la baiskeli ya kuhifadhia. Dumu la kwanza liwekwe kilo 7 za samadi mbichi na lita 7 za maji. La pili liwe hivyohivyo, ila kilo 2 za samadi zibadilishwe kwa kilo 2 za majani yaliyokatwakatwa, ya mkonge, ya gugumaji au maganda ya ndizi, kufuatana na mahali. Yazibwe yasivuje, yawekwe juani, yatikiswe kila siku, na pH ya kila moja ipimwe kwa karatasi ya kupimia pH mwanzo na mwisho. Gesi ya kwanza, yenye kaboni dayoksaidi nyingi na masalio ya hewa, iachwe itoke nje. Baada ya wiki mbili au tatu ipatikanayo huwaka kwa mwali wa buluu. Asiwepo mtu wa kukaribisha kiberiti kwenye dumu au kwenye mpira uliojaa, kwa sababu methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15 hulipuka. Gesi isukumwe kwanza katika bomba la jaribio juu ya maji, ichukuliwe kidogo, kisha iwashwe mbali na madumu, madirisha yakiwa wazi. Wanafunzi waandike ujazo wa gesi wa kila siku kwa siku 40, na wachore grafu mbili katika karatasi moja.